Tumbo la Sufi

12 Februari

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Nimefika salama, na kama hukutaka habari zaidi ya hiyo, kunja karatasi hapa hapa, sitakulaumu.

Shangazi alinipokea kituoni. Uliniagiza niwaambie majirani zake kwamba nimekuja kumuuguza. Mama, huyo mgonjwa mwenyewe ana mikono ya mpagazi! Alinyanyua sanduku langu kwa mkono mmoja, wa pili akanishika mimi, akasema, "Twende, muuguzi wangu, kabla sijazidiwa." Nilicheka, halafu nikaona aibu kwamba nimecheka.

Hukuwahi kunieleza kazi yake vizuri, ulisema tu "anafuga." Hafugi. Ana mashine ya kuangulia mayai, ya mbao, ndefu kama kabati la nguo, inapashwa joto kwa taa za mafuta. Watu wanamletea mayai kutoka kila upande, naye anawarudishia vifaranga. Kitanda changu kiko upande wa pili wa ukuta, na asubuhi naamshwa na vifaranga wakilia. Siku ya kwanza nilidhani ni mvua.

Nikifumba macho namwona Baba. Siku ile wauguzi walipotupanga mstari na kutuminya matumbo mmoja mmoja, yeye alikuwa darasa la jirani na dirisha lilikuwa wazi. Mwalimu mkuu aliponiambia nivue tai ya shule pale pale, mbele ya kidato cha tatu kizima, Baba alikuwa ameshika chaki. Hakuandika na hakugeuka. Alisema nini aliporudi nyumbani? Kwangu hajatamka neno mpaka leo.

Naomba unijibu, hata mstari mmoja.

Mwanao,
Chiriku

(Shangazi naye ameanza kuniita Chiriku. Anasema ndege huyo akinyamaza ujue anaumwa.)


27 Februari

Chiriku,

Marahaba. Barua imefika. Sisi wazima. Baba yako mzima, anakwenda kufundisha kama kawaida.

Usitoketoke ovyo. Kula. Mtii shangazi yako.

Mwambie akupime kiuno. Tepu ipite juu ya kitovu, isilegee wala isibane, kisha uniandikie ni inchi ngapi. Kila mwezi, usikose. Kuna kitu nakishona na lazima kiwe sawasawa.

Hayo mengine Baba yako ameshayakatia shauri. Utaambiwa wakati wake ukifika.

Mama yako


10 Machi

Mama,

Shikamoo. Unanishonea gauni! Nilisoma barua yako nikiwa nimejikaza kisabuni, nikijua ni makaripio mwanzo mwisho, kumbe kuna gauni. Ni inchi ishirini na tisa. Shangazi alipima, mimi nikasoma. Ukipenda, kola iwe ya duara na mifuko iwe miwili, maana hapa lazima uwe na mfuko wa kalamu.

Kalamu ni ya nini? Kila yai lina alama ubavuni ili tujue tumeligeuza. Tunayageuza yote kwa kiganja, polepole, asubuhi, mchana na jioni. Nilimuuliza Shangazi kwani yasipogeuzwa inakuwaje. Akasema, "Kwani wewe ukilazwa ubavu mmoja wiki tatu utakuwaje?"

Lakini ninachotaka kukuambia ni kingine. Amenifundisha kumulika. Unachukua kopo lenye taa ndani na tundu dogo ubavuni, unafunga madirisha, unaweka yai kwenye tundu. Nilitegemea kuona ute. Mama, niliona nyuzi nyekundu, nyembamba kuliko uzi wako wowote, zimetandaa pande zote, na katikati kuna nukta inarukaruka. Nikasema, "Shangazi, taa yako inayumba." Akasema, "Taa haijayumba. Huo ni moyo."

Moyo! Hakuna kichwa cha maana, hakuna bawa, hakuna chochote cha kuitwa kuku, na moyo umeshaanza kazi. Nani ameuambia uanze? Nilisimama pale na yai la mtu mkononi mpaka Shangazi akanipokonya kwa kuogopa nitalidondosha.

Tangu nije huku nilikuwa naoga bila kujitazama. Leo nimejitazama.

Mwanao,
Chiriku


28 Machi

Chiriku,

Inchi nimezipata. Mambo ya kola hatujafikia huko.

Kazi ni nyingi, mgongo unaniuma. Watu wamekuwa wema sana kwangu siku hizi, hata kwenye foleni ya duka wananipisha. Usiniulize kwa nini.

Yule kijana aliyekuharibia masomo bado ni kiranja. Kengele ya asubuhi anaipiga yeye. Naisikia nikiwa kwenye cherehani, na mguu unasimama wenyewe juu ya kikanyagio. Yeye hakuna aliyempanga mstari.

Habari ya moyo wa yai nimeisoma. Nimeisoma tena. Wakati nina mimba yako nilikuwa nashona sare za hospitali, mamia ya sare. Sikuwahi kujiuliza moyo wako ulianza lini. Pengine ulianza nikiwa napiga pindo na kugombana na uzi uliokatika, na mimi sina habari.

Endelea kupimwa.

Mama yako


18 Aprili

Mama,

Shikamoo. Leo sina utani, nina jambo.

Nilikuwa nimebeba trei iliyojaa, nimeiegemeza tumboni ili nifungue mlango wa mashine. Mayai yakagongana. Nikasimama wima, nikazuia pumzi. Yakagongana tena. Sikuwa mimi, Mama! Nilikuwa nimesimama tuli kama mlingoti. Kuna mtu ndani yangu alikuwa anapiga trei kwa mguu.

Niliiweka chini, nikakaa sakafuni, nikaweka mkono. Akagonga. Nikagonga kwa kidole. Akagonga! Shangazi alinikuta pale nalia na kucheka, akauliza kama nimevunja mayai. Nikamwambia, "Shangazi, kuna mtu." Akasema, "Ulidhani tulikuleta huku kwa sababu ya gesi?" Lakini na yeye akapiga magoti, akaweka sikio, na hakuinuka upesi.

Inchi ni thelathini. Thelathini tu, Mama. Sionekani hata. Ungeniona ungesema nimeshiba.

Gauni limefika wapi? Sikuharakishi. Ni vile siku hizi navaa aproni ya Shangazi.

Mwanao,
Chiriku


20 Mei

Wifi yangu,

Salamu nyingi. Barua hii ni yako peke yako, ukishaisoma itie kwenye taa zako.

Wifi, nimekwama. Unajua kaka yako alivyokata shauri: mtaa uamini mimi ndiye mwenye mimba, mtoto akizaliwa huko kwako nimchukue nije naye kama wangu, na Januari Chiriku aingie shule nyingine bila doa. Nilikubali. Nilishona mfuko wa kitambaa cha mto, nikaujaza sufi, nikauwekea kamba za kufunga mgongoni. Kila mwezi naongeza sufi kufuata inchi anazoongeza Chiriku. Mimi ni fundi, sikutaka kufanya kazi ya kubahatisha.

Sasa mtoto hakui! Machi aliniandikia ishirini na tisa, Aprili thelathini, mwezi huu thelathini na nusu. Jirani yangu wa ng'ambo ya barabara, yule mkunga mstaafu tunayemwita Sista, ananitazama tumbo kila nikipita. Juzi ameniambia mbele ya watu, "Mwenzangu, huyo mtoto amedumaa. Njoo nikupapase." Nimeshamkwepa hadi nimechoka.

Halafu ngoja nikupe kubwa kuliko. Nilikuwa namjaribisha bibi harusi gauni lake. Unajua fundi akiwa na pini mkononi anazichomeka popote penye kitambaa, kwenye mkono wa blauzi, kwenye mto wa kiti. Nilipunguza kiuno cha yule binti, nikatoa pini, na huku naongea habari za pindo nikazichomeka zote tumboni kwangu. Tatu. Mpaka vichwa! Nikaona binti ametoa macho. Akasema, "Mama... huumii?" Nikamwambia, "Nimezoea."

Sasa mtaa mzima unajua fundi ana tumbo lisilosikia maumivu na mtoto asiyekua. Sista anasema hiyo ni dalili mbaya, kesho kutwa anakuja na vifaa vyake. Nitajifanya nimesafiri.

Niambie ukweli, mtoto wangu anakula? Kaka yako simsikii akilala. Nami nikimvua huyu wa sufi jioni naona baridi mahali alipokuwa. Usinicheke.

Wifi yako


30 Mei

Wifi,

Nimekucheka. Nimecheka mpaka nikakalia trei, nashukuru ilikuwa tupu.

Mtoto wako anakula kama mchimba kisima, na ni mwongo. Inchi thelathini alizipita zamani. Sasa ana thelathini na tano na tumbo linafika mlangoni kabla yake. Nilimpima mwenyewe, akaniomba nisikuandikie. Anaona kila inchi inayoongezeka ni tusi juu yako, kwa hiyo anakupunguzia. Wewe nawe unashona uongo kwa kufuata uongo.

Na anasubiri gauni. Kila mtu wa posta akipita anajifuta mikono. Wifi, mimi sikuzaa na sijifanyi najua uchungu wa mama, lakini hili halifai. Mwambie. Usipomwambia nitamwambia mimi, na unajua mdomo wangu.

Wifi yako


14 Juni

Chiriku, mwanangu,

Hakuna gauni.

Nimeandika mstari huo kwanza ili nisiukimbie. Inchi zako zilikuwa za mfuko wa sufi ninaoufunga tumboni tangu Februari. Mtaa wote unajua mimi ndiye mjamzito. Wewe uko huko unamuuguza shangazi yako. Mtoto akizaliwa nitakuja kumchukua, atakuwa mtoto wangu na wa Baba yako, na wewe utakuwa dada yake. Januari utaingia shule ya bweni, Baba yako ameshakuombea nafasi, na cheti chako hakitakuwa na alama yoyote. Amekwenda kupiga magoti mbele ya watu ambao hakuwahi hata kuwasalimia. Uliniuliza alisema nini siku ile. Aliingia, akakaa, akasema, "Alikuwa wa kwanza darasani." Kisha akaja na mpango huu.

Nimejua pia kwamba umenidanganya inchi. Sina hasira. Nililia, ila si kwa hasira.

Mtoto hatajua kitu. Atapendwa. Wewe utasoma. Nakuomba uione nia yetu.

Mama yako


25 Juni

Mama,

Shikamoo.

Nilisoma barua yako nikiwa nimesimama, nikaisoma nimekaa, kisha nikaingia chumba cha mashine kwa sababu huko hata ukilia watu wanadhani ni joto.

Kwanza nilikasirika. Nilitaka kukuandikia maneno mabaya na niliyapanga vizuri sana, ungejivunia. Halafu nikakuona. Nikakuona kwenye cherehani na jua lile la mchana, na mfuko wa sufi umefungwa tumboni, jasho linakutiririka, unatabasamu na wateja wanaokupongeza. Miezi yote hiyo. Mimi mtoto wangu ananipiga mateke, wewe umebeba kitu kisichogonga hata siku moja, na umekibeba kwa ajili yangu. Sijui mtu anamshukuruje mama yake kwa jambo kama hilo. Moyo umejaa, Mama, umejaa hadi shingoni.

Nisamehe kwa zile inchi. Niliona aibu.

Lakini sasa nisikilize. Jana kifaranga kimoja kilianza kutoboa yai. Kilipiga, kikapumzika, kikapiga. Nikanyoosha mkono nikimenyee ganda, Shangazi akanipiga kofi kiganjani. "Ukimmenyea hatasimama." Tukakaa tunatazama, mchana wote. Mama, nimeona wengi tangu nije na bado kila mara mdomo unabaki wazi. Hakuna aliyemwonyesha mlango uko upande gani, na ameupata.

Huyu wangu nikiimba ananyamaza. Nikiacha ananigonga niendelee. Ananijua mimi. Si kama dada. Nitasimamaje mlangoni mwetu, nimwone akiumia goti, akimbie kwako, na mimi niseme pole mdogo wangu?

Shule naitaka. Naitaka mno, naota hesabu. Na mtoto namtaka. Nikilazimishwa kuchagua, nataka aniite mama. Naomba usimchukue. Nakuomba kwa adabu zote mlizonifundisha.

Mwanao,
Chiriku


6 Julai

Chiriku,

Una miaka kumi na sita. Hujui unachoomba.

Hujui jinsi mtu anavyotazamwa. Wateja wangu wataondoa vitambaa vyao. Baba yako atafundishaje watoto wa watu? Na huyo mtoto mwenyewe ataitwa majina kabla hajaota meno. Unataka akuite mama, na wengine wote wamwite nini?

Nitafika mwanzoni mwa Agosti. Mtaani nimesema nakwenda kujifungulia kwa wifi yangu kwa sababu kuna mkunga ninayemwamini. Sista ameudhika lakini amenipa dawa za kupaka.

Mambo yamekwisha kupangwa. Usiniandikie tena kuhusu hilo.

Mama yako


9 Agosti

Mama,

Shikamoo. Sijui kama nimevunja amri kwa kukuandikia, lakini uliondoka bila kusema lolote na kichwa changu kinazunguka.

Nakumbuka ulikuwa kichwani pangu, umenishika mabega. Nakumbuka ulisema, "Pumua, Chiriku, pumua," mpaka nikataka kukung'ata. Nakumbuka nilipiga kelele na wewe ukapiga kelele, na Shangazi akauliza ni nani hasa anayezaa. Kisha mtoto, yule pale. Wa kike. Akawekwa juu yangu akiwa bado ana utelezi, mzito, wa moto. Ulisimama ukitutazama na nyuso zako zilikuwa mbili tatu kwa wakati mmoja, nikashindwa kuzisoma. Nikafumba macho ili nisione ukimchukua. Nikalala.

Nilipoamka jua lilikuwa limefika dirishani na nilijua kitanda kiko kitupu. Nilijua, Mama. Nilikaa na macho yamefumbwa nikijipiga moyo konde. Kisha kitu kikapiga chafya kifuani kwangu.

Uko wapi? Shangazi anasema ulipanda basi la asubuhi peke yako. Nikimuuliza zaidi anasema, "Muulize mwenyewe, mimi niache na mayai yangu." Na nimelikuta tumbo lako nyuma ya mashine, kuku wa jirani amelilalia. Umelisahau au umeliacha? Kama umelisahau, umepitaje mtaani bila tumbo na bila mtoto?

Au mnakuja wote wawili, wewe na Baba, kumchukua? Kila gari likisimama barabarani namfunika khanga.

Ana kucha, Mama. Ndogo kama magamba ya samaki mchanga, na zimekamilika. Kumi. Mimi sikuzishona, sikuzipima, nilikuwa nageuza mayai tu, na zilikuwa zinatengenezwa. Siku nzima namtazama. Nikienda kunywa maji narudi mbio nihakikishe bado yupo kweli.

Niambie hata kama ni baya.

Mwanao,
Chiriku


27 Agosti

Chiriku wangu,

Nimechelewa kujibu kwa sababu nilitaka kwanza nione mambo yatakaa vipi. Bado hayajakaa. Nakuandikia hivyo hivyo.

Nilikuja kumchukua. Usidhani nilikuja na roho mbili. Kwenye kikapu nilikuwa na shuka jipya, chupa ya maziwa, na kofia niliyoifuma. Tumbo la sufi nilikuwa nimelivaa bado, kwa ajili ya watu wa basi. Nilikuwa nimepanga kuondoka naye kabla hujamzoea.

Halafu mkunga akasema, "Mama, shuka huku uone." Nikashuka.

Mwanangu, mimi nilikuzaa wewe nikiwa nimefumba macho na kung'ata mto. Najua kuzaa kwa upande wa maumivu. Upande wa pili sikuwahi kuuona maishani. Nilikiona kichwa. Nilimwona akigeuka mwenyewe, hakuna mkono uliomgusa, akageuza bega moja kama mtu anayepita mlango mwembamba na hataki kuchafua nguo. Na wewe, mtoto niliyekuwa nakukumbusha kuvaa sweta, ulikuwa unafanya kazi ambayo sijawahi kuona mtu yeyote akifanya. Nilishika kitanda.

Alilia. Mkunga alikuwa anaongea, shangazi yako anaongea, mimi nalia kuliko mtoto. Wewe ukasema kwa sauti ya chini, "Kumbe ndiyo wewe." Akanyamaza. Katika makelele yote yale aligeuza shingo, ile shingo isiyo na nguvu, akaelekea kwako. Ulikuwa umeniandikia kwamba anakujua, nami nikadhani ni maneno ya mtoto.

Nikajitazama, mwanamke mzima amejifunga mto. Nilikwenda chumba cha mashine nikaufungua. Sikukuaga kwa sababu ningekuaga ningerudiwa na akili yangu ya zamani. Nilikimbia, Chiriku. Nilikimbia nisije nikamchukua.

Sasa sikia yaliyonikuta. Nilishuka kituoni bila tumbo na bila mtoto. Sikuwa nimefikiri! Fundi mzima, napima kila kitu, na hilo sikulipima. Mwanamke wa kwanza aliyeniona alijifunika mdomo. Nilipofika nyumbani mikeka ilikuwa imeshatandikwa. Wanawake wamejaa, wanalia. Sista analia kuliko wote, anajipiga kifua, "Nilisema amedumaa, ningemlazimisha nimpapase!" Yule bibi harusi wa pini, shangazi yako atakusimulia, alikuwepo, amevimba macho. Nje Baba yako amezungukwa na walimu wenzake, kila mmoja anamshika bega, na yeye anaitikia ahsante, ahsante.

Alinifuata chumbani. Akanong'ona, "Yuko wapi?" Nikamwambia yuko kwa mama yake. Alikaa kitandani. Kisha akasema, "Watu wamejisemea wenyewe. Tukinyamaza tu, imekwisha. Mtoto atakua kwa dada yangu, huyu atasoma." Na alikuwa na haki, Chiriku. Ulikuwa uongo ambao hatukuhitaji hata kuusema. Nikatoka nikaketi mkekani, nikainamisha kichwa, nikapokea pole. Nilipokea nyingi.

Sista akaniegemea, akaniuliza polepole ili wengine wasisikie, "Mmemzika wapi, mwenzangu? Nataka nikapalilie."

Nikaona zile kucha, maana nami nilizihesabu pale kitandani. Nikaona shingo inageuka. Nilisimama, na nilisema kwa sauti ambayo sijui niliitoa wapi, nadhani walinisikia mpaka kwa wanaume nje. Nikasema, "Hajafa. Jamani, acheni kulia, hakuna aliyekufa. Ni wa kike, mzima, ana kucha zote. Mimi sikuwa na mimba, nilikuwa na sufi. Mama yake ni binti yangu. Amemzaa mwenyewe na nimemwona kwa macho yangu, na sijawahi kuona jambo kubwa kama lile."

Kisha wakaanza kuinuka. Wengine walikunja mikeka yao wakaondoka bila kuniangalia. Mmoja alitema mate mlangoni. Yule kijana sikumtaja. Walimtaja wenyewe wakiwa njiani. Sista alibaki amekaa. Akauliza, "Sufi?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Na mimi nimekosa usingizi mwezi mzima kwa ajili ya sufi!" Akaondoka naye, lakini kesho yake aliniletea nepi za zamani zilizofuliwa.

Sitakuficha hasara. Vitambaa saba vimerudishwa kwa wenyewe. Ile shule ya bweni imefuta nafasi yako. Mwalimu mkuu amemwita Baba yako mara mbili, na huenda akahamishwa mbali. Sijui utasoma wapi. Nimekosa usingizi kwa hilo na nitakosa tena, na kama siku moja utanilaumu, nitakusikiliza mpaka umalize.

Baba yako hakusema nami siku nne. Alikuwa anakula, anasahihisha madaftari, analala. Siku ya tano aliweka kijiko chini, akauliza, "Ana uzito gani?" Nikasema sijui. Akaninyooshea kidole, hasira zimempanda, "Watu wazima watatu mmekaa na mtoto mchanga, hakuna hata mmoja aliyempima?" Kisha akainuka akaenda uani, na nilimsikia akilia kwa mara ya kwanza tangu tuoane. Jana nimemkuta ameandaa madaftari mawili ya hesabu, kidato cha tatu. Anasema atakufundisha mwenyewe mezani mpaka ipatikane shule ya kukupokea.

Kwa hiyo njooni nyumbani. Msije na lile basi la alfajiri. Pandeni la mchana, lile linalofika soko likiwa limejaa. Nitakuwa nimesimama pale kituoni, mbele ya wote. Mtoto utamshika wewe. Mimi nitabeba sanduku, na tutapita njia ya mbele.

Mama yako,
bibi yake